Joseph Thomson na jini la chupani

Wazee walisema tembea uone, nami nimetembea nikaona. Juzi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikafikia kwa mpwa wangu, kijana wa marehemu dada yangu, anayekaa karibu na Dagoretti Corner, pale barabara ya Naivasha inapoikuta barabara ya Ngong. Ni pahali pasipolala. Mafundi wa samani wanapiga randa kando ya njia, wachoma nyama wanapepea makaa, na makanga wa matatu wanaitia abiria wa Ngong kana kwamba Ngong itahama kesho. Wako wanaodai ati jina Dagoretti limetokana na Waingereza waliopaita hapo Great Corner, yaani kona kubwa. Hiyo ni porojo ya barazani, kwani jina hilo lilikuwa likitajwa tangu mwaka 1890, na wakati huo hapakuwa na barabara wala kona.

Usiku wa Ijumaa nilimkuta kijana anafunga mkoba. Kesho yake yeye na wenzake wa kazini walikuwa wakaitembee milima ya Ngong kwa miguu, kutoka kileleni upande wa mjini mpaka Kona Baridi. Nilifurahi, kwani kutembea ni afya. Akatia viatu, akatia koti la mvua, mikate na mayai ya kuchemsha. Kisha, baina ya soksi, akalaza chupa bapa ya mvinyo.

Sikusema kitu. Akaniona nimenyamaza, naye akajitetea kabla sijamshitaki. Akaniambia, mjomba, huko juu kuna upepo na baridi, na tone mbili tatu huupasha mwili moto. Tena akaongeza kwamba safari ndefu na chupa ni ndugu wa tangu zamani, na kwamba hata hao Wazungu wa kale walioikata Afrika kwa miguu hawakuikata kwa maji matupu.

Ningeweza kumkemea, lakini nimekwisha jifunza. Shemeji yangu, baba yake kijana huyu, alikemewa na familia nzima kwa miaka kumi na miwili. Aliombewa, akasomewa, akaapizwa, na mwisho wake maini yalimtoka kabla ya nywele kumwota mvi. Kelele hazikumsaidia. Basi usiku ule niliacha kelele, nikashika lile neno la Wazungu wa kale. Nikamwambia kuwa kwa upande mmoja amesema kweli. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi mwaka 1871 kumtafuta Dkt. Livingstone, miongoni mwa mizigo aliyobebesha watu wetu mlikuwamo chupa ya shampeni. Ilitembea mabegani karibu miezi minane, ikavuka Ugogo na Unyamwezi, ikafunguliwa Ujiji mwezi Novemba, wawili wale wakanywa kwa bilauri za fedha. Lakini, nikamwambia, yuko msafiri mwingine, na huyo alipita huku huku upande wako, njia ya Ngong. Kesho nitafuatana nanyi, na njiani nitakusimulia.

Kijana alicheka, kwani hakudhani mjomba wake ataweza kupanda mlima. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Mkobani mwangu mlikuwa na chupa ya kahawa ya tangawizi na gao la tende. Tukapanda matatu namba 111, na hii ndiyo hadithi niliyompa.

MTOTO WA MWASHI

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari, mwaka 1858, katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskochi. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, na mtoto akakulia baina ya mawe na vilima, akiyapenda yote mawili. Alipokwenda chuo kikuu cha Edinburgh alisoma elimu ya miamba. Alikuwa hajatimiza miaka 21 ilipotangazwa kwamba Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kinatuma msafara kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Akaandika kuomba kazi yoyote, akapata ya kumsaidia kiongozi wa safari, Keith Johnston.

Walifika Unguja mapema mwaka 1879. Nahodha wa wapagazi wao alikuwa Chuma, yule aliyetumikia Livingstone na akawa mmoja wa walioileta pwani maiti yake. Msomaji wa pwani ajue kwamba bila ya watu kama Chuma hapana Mzungu ambaye angefika popote. Hao ndio waliojua bei ya mchele, lugha ya jumbe na mahali pa kisima.

Msafara haujaenda mbali, Johnston akashikwa na tumbo la kuhara damu, akafa Behobeho mwishoni mwa Juni, 1879. Thomson akajikuta, katika umri wa miaka 21, ni mkubwa wa msafara mzima katika nchi asiyoijua. Wengi wangerudi. Yeye alikwenda mbele na Chuma, wakafika Nyasa, wakafika Tanganyika, wakaliona ziwa Rukwa kwa mbali, wakarudi pwani mwaka 1880.

Jambo lililomfanya ajulikane si umbali aliotembea, maana wako waliotembea zaidi. Ni kwamba alirudi bila ya kupiga vita. Wakati Stanley akizikata njia zake kwa risasi, huyu kijana alizikata kwa subira, kwa mzaha na kwa kungoja. Aliamini kuwa mwendo wa pole ndio ufikao mbali, na mafundisho hayo hatuna haja ya kuyasomea Uskochi, kwani sisi twasema haraka haraka haina baraka.

Mwaka uliofuata, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alimwajiri aende Ruvuma kutazama makaa ya mawe ambayo Sultani alisikia kuwa yako huko. Thomson alikwenda akapima, akarudi na habari asiyoipenda bwana wake, kwamba yale hayakuwa makaa ya kuendesha meli bali ni mawe meusi yasiyo na faida. Sultani hakufurahi. Lakini kijana alikuwa amesema alichokiona. Tabia hiyo itamtokea tena mbele ya hadithi, na safari hiyo wakubwa watakaokasirika watakuwa ni wa kwao.

WAPAGAZI WA MOMBASA

Mwaka 1883 Chama cha Jiografia kilimtaka atafute njia ya moja kwa moja kutoka Mombasa mpaka ziwa Viktoria, kupitia nchi ya Wamasai. Wakati huo Umasai uliogopwa. Misafara ya pembe ya Waswahili wa Pangani na Mombasa ilikuwa ikipita kwa kulipa hongo, kwa silaha nyingi na kwa dua nyingi zaidi.

Thomson aliwatafuta wapagazi Unguja, akakuta wale hodari wamekwisha chukuliwa na wengine, hasa na Stanley aliyekuwa akifanya kazi Kongo. Wakamjia waliobaki, watu wa kila namna, zaidi ya mia moja. Pamoja nao alikuwako baharia Mmalta aliyejulikana kwa jina la James Martin, asiyejua kusoma wala kuandika, lakini mwenye moyo wa kazi.

Waliondoka upande wa Rabai katikati ya Machi. Anayeijua Rabai anajua minazi yake, na anayeijua minazi anamjua mgema. Siku za kuondoka msafara zilikuwa siku ngumu kwa kila kiongozi. Mpagazi amekwisha pokea mshahara wa kutangulizwa, fedha iko kiunoni, tembo liko kibuyuni, na mbele yake iko njia ambayo huenda asiirudie. Ndiyo sababu msafara ulipokuwa bado karibu na pwani Thomson aliwawekea watu wake walinzi usiku, wasimkimbie. Hapa nilimsimamisha mpwa wangu, nikamwambia kwamba ulevi wa kuondoka ndio ulevi wa hofu. Mtu hunywa kwa sababu anaogopa njia, kisha husema ananywa kwa sababu anaipenda.

Walipofika Umasaini mara ya kwanza, walikuta Mjerumani, Dkt. Fischer, amewatangulia na amegongana na Wamasai kwa silaha. Nchi ilikuwa imechafuka. Thomson alifanya ambalo wasafiri wa wakati ule waliliona aibu, nalo ni kugeuka. Alirudi Taveta, akashuka pwani kutafuta bidhaa zaidi, akarejea, na safari ya pili akaungana na msafara wa Jumbe Kimameta.

Kimameta alikuwa mfanyabiashara wa pembe, mtu wa Pangani, mfupi, chongo, mwenye uso wenye alama za ndui. Vitabu vya shule humtaja Thomson peke yake, kana kwamba aliongozwa na dira. Ukweli ni kwamba njia ilikuwa ya Kimameta na wenzake. Walijua ni mahali gani pana maji, mahali gani hulipwa nyaya na mahali gani hulipwa shanga. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Kimameta huyo huyo ndiye aliyemwongoza Teleki, bwana wa Kihangari, mpaka kaskazini ilikogunduliwa, kwa macho ya Wazungu, ile bahari ya Turkana.

KINYWAJI CHENYE POVU

Basi Thomson alipita vipi kwa Wamasai? Alipita kama mganga. Wamasai walikuwa na laiboni wao, watu wa ramli na dawa, na ikavuma kwamba Mzungu huyu ni laiboni wa kwao. Naye hakukanusha. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayatoa mbele ya watu na kuyarudisha. Tena alikuwa na ile dawa ya tumbo ya Eno, ambayo mpaka leo twainunua dukani tukivimbiwa na biriani. Alikuwa akiitia majini, maji yakachemka bila ya moto, povu likapanda, na yeye akalinywa mbele ya morani waliomzunguka na mikuki yao.

Hapo mpwa wangu alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Akasema kumbe Mzungu alikuwa na bia yake. Nikamwambia la, alikuwa na povu bila ya bia, na ndilo lililomwokoa. Sitaki kuusifu udanganyifu, kwani udanganyifu ni udanganyifu. Lakini fikiri. Mtu yuko peke yake kati ya vijana wenye mikuki, maisha yake yanategemea ulimi wake, macho yake na subira yake. Siku nzima watu wanamvuta nywele, wanamfungua viatu, wanamtaka atoe meno kwa mara ya ishirini. Akitaharuki kidogo, akitukana, akinyanyua mkono, basi damu. Kichwa cha mlevi kingeweza kuistahimili kazi hiyo?

Tena wale morani wenyewe hawakuwa walevi. Sheria ya Wamasai iliwataka morani waishi kwa nyama, maziwa na damu. Pombe ya asali ilikuwa ni ya wazee waliokwisha weka chini mikuki. Na Wakikuyu nao, waliokaa ng'ambo ya msitu, walikuwa na muratina yao, inayopikwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda la mti ambao sisi pwani twauita mwegea. Hiyo nayo ilikuwa na adabu zake. Ilinywewa na wazee, katika posa, katika suluhu na katika kutambikia. Haikuwa kinywaji cha mtoto wala cha mtu aliyeko njiani. Nasi Waislamu tuna sharia yetu iliyo wazi, lakini ni vizuri kujua kwamba hata wasiokuwa na sharia hiyo walijua kwamba kileo na mkuki havikai mkono mmoja.

Msafara ulifika Ngong mwaka ule wa 1883. Wakati huo misafara ikipaita Ngongo Bagas, pahali pa kupumzika na kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea Naivasha. Wapagazi walizungushia kambi yao boma la miiba, wakanunua mahindi, viazi na maharage, na usiku wakasikiliza msitu kwa wasiwasi. Msitu huo ndio uliokuwa ukifika huku kwenye mitaa ya Dagoretti. Leo umebaki kipande, na wafanya mazoezi hukimbia ndani yake.

Kutoka hapo Thomson alikwenda Naivasha, akaipita milima aliyoipa jina la Aberdare, akauona mlima Kenya kutoka Laikipia, akafika Baringo, na tarehe 10 Desemba akasimama kando ya ziwa Viktoria. Swala mdogo wa mbugani tunayemwita swala tomi anachukua jina lake, na mji wa Nyahururu kwa miaka mingi uliitwa Thomson's Falls.

Kurudi kulikuwa na taabu kuliko kwenda. Siku ya mwisho ya mwaka 1883 alimpiga risasi nyati, akamwendea akidhani amekufa. Nyati aliinuka, akamrusha hewani kwa pembe na kumjeruhi paja. Hajapona vizuri, akashikwa na kuhara damu, maradhi yale yale yaliyomuua Johnston. Wapagazi wake, wale waliosemwa kuwa ni makapi ya Unguja, walimbeba kwa machela. Alilala wiki nyingi katika kibanda huko Mianzini, juu ya Naivasha, baina ya uhai na kifo. Kisha wakamshusha kwa njia ya Ukambani na Taita, na katikati ya mwaka 1884 wakamfikisha pwani yu hai. Mwaka 1885 Chama cha Jiografia kilimpa nishani ya dhahabu. Waliombeba hawakupewa nishani.

JINI LA NIGER

Sasa nakuja kwenye sababu iliyonifanya nimchague huyu.

Mwaka 1885 kampuni moja ya biashara ya Kiingereza ilimtuma Afrika ya Magharibi, apande mto Niger na kwenda kwa Sultani wa Sokoto na wa Gwandu kutafuta mikataba. Alikwenda akaipata. Lakini njiani aliona jambo lililomkaa rohoni mpaka mwisho. Huko pwani ya Magharibi aliona meli za Ulaya zikishusha shehena juu ya shehena za mvinyo mkali uitwao jini. Msomaji atatabasamu kwa jina hilo, lakini jina limesadifu. Chupa zilikuwa ndizo fedha. Mtu alileta mafuta ya mawese, akapewa jini. Alifanya kazi ya kupakua meli, akalipwa jini. Vijiji vilivyokuwa karibu na bandari, ambavyo vingetakiwa viwe vimestaarabika zaidi kwa kukaa karibu na Wazungu, Thomson aliviona ndivyo vilivyoharibika zaidi.

Kisha akapanda bara, akaingia nchi za Waislamu. Huko aliona miji yenye masoko, wafumaji nguo na watia rangi, madrasa zenye watoto wenye mbao za kuandikia, na watu waliovaa mavazi ya heshima. Na jini haliko. Halikuwako kwa sababu watu walilikataa. Mfanyabiashara angelifikisha, lakini hapana wa kulinunua.

Mwanachuo wa Kiskochi alirudi kwao na swali zito. Akaandika katika jarida moja la London, mwezi Desemba mwaka 1886, makala kuhusu Uislamu katika Afrika ya Kati. Alisema wazi kwamba biashara ya Wazungu katika pwani ile ilikuwa imeleta ulevi zaidi ya ilivyoleta heri, na kwamba dini ya Kiislamu ilikuwa imesimama kama ukuta mbele ya ulevi huo. Mwaka uliofuata, padri mmoja mkubwa wa Kiingereza, Isaac Taylor, alisimama katika mkutano wa kanisa na kusema kwamba Uislamu unawafaa Waafrika zaidi ya walivyodhani wamishenari. Kukazuka tufani. Magazeti yalijaa barua. Thomson aliandika naye, katika gazeti la The Times, akathibitisha kwa ushahidi wa macho yake.

Sitaki kumvika kanzu asiyoivaa. Thomson alikuwa Mkristo, na alikuwa mtumishi wa watu waliotaka nchi zetu. Wala maneno yake hayakuwa sifa tupu kwetu. Alipotofautisha Magharibi na Mashariki, sisi wa huku tulipata lawama. Alisema kuwa huko Sudani ya Magharibi wafanyabiashara Waislamu walikwenda na dini, bali huku kwetu misafara ilikwenda bara kwa pembe na kwa watumwa, na dini ikaachwa pwani na mikeka ya misikitini. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Yako majibu ya kumpa, kwani Ujiji, Tabora na Mumias zina misikiti yenye umri mrefu. Lakini mtu aliyesema kweli juu ya jini la kwao ana haki ya kusikilizwa anaposema juu yetu.

Sauti yake haikuwa peke yake, na mwisho zilisikika. Tarehe 2 Julai, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kuhusu biashara ya watumwa yaliweka pia masharti juu ya mvinyo mkali katika sehemu kubwa ya Afrika. Pale ambapo watu walikuwa hawajauzoea, kwa sababu ya dini yao au sababu nyingine, uingizaji wake ulitakiwa upigwe marufuku. Ni mara chache katika zama zile mkataba wa Wazungu uliitaja dini ya watu kuwa ni sababu ya kuwaacha na utulivu wao.

Thomson hakuishi kuona mengi. Alitembea milima ya Atlas huko Moroko mwaka 1888, kisha akatumwa upande wa Katanga mwaka 1890, akarudi mgonjwa. Afya yake ilikuwa imeachwa njiani, kipande Mianzini, kipande Nyasa. Alifariki London tarehe 2 Agosti, 1895, akiwa na miaka 37, akazikwa kwao.

NJIA ILIYOFUNGULIWA

Matatu ilikuwa imekwisha pita Karen, na kijana wangu alikuwa kimya. Akauliza, mjomba, basi alishinda?

Nikamwambia tazama nje. Njia aliyoionyesha Thomson ilifuatwa na wengine. Oktoba 1890 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alijenga ngome Dagoretti, akafunga udugu na Waiyaki wa Hinga. Lugard akaenda zake Uganda, na watu wa kampuni waliobaki wakaanza kunyang'anya vyakula, udugu ukageuka uadui, ngome ikaachwa na kuchomwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akatembezwa kwa miguu kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Hiyo nayo ni safari ndefu ya miguu, na hakuichagua. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899.

Na jini lilifika kwa reli. Kiwanda cha bia cha Kenya kilianzishwa mwaka 1922. Inasemekana bia ya Tusker ilipewa jina kwa sababu ya ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1923. Wakati wa ukoloni baraza la mji wa Nairobi lilijenga kilabu cha pombe Pumwani, katika mtaa waliojaa Waislamu, likauza pombe kwa Mwafrika, kisha likatumia faida kumhudumia Mwafrika huyo huyo. Na mwezi Novemba mwaka 2000, pombe ya magendo iliyotiwa sumu iliua watu zaidi ya mia moja katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na wengine ikawapofua macho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema wa leo hatii maji tena.

Kuhusu ile baridi, nikamwambia, kileo hakipashi moto. Kinafungua mishipa ya ngozi, damu ikaja juu, ukahisi joto, kumbe joto lenyewe ndilo linalokutoka. Tena kinakukausha maji. Mtu wa mlimani akinywa ni kama mtu aliyefungua madirisha ya nyumba usiku ili aone mwangaza wa nje.

Sikumtaja baba yake. Yeye ndiye aliyemtaja. Alisema kwamba baba yake naye alikuwa akisema kuwa ni kwa ajili ya baridi, na Mombasa hapana baridi.

Tulipanda. Upepo wa Ngong ni upepo wa haki, na yale mapanga makubwa ya umeme yalikuwa yakizunguka juu yetu kama mashabiki. Vijana walikwenda mbele, mimi nikafuata kwa mwendo wa Thomson, pole pole. Kutoka kilele cha pili niliweza kuona bonde lote la Ufa upande mmoja, na upande wa pili Nairobi imelala katika ukungu. Nikawafikiria wale wapagazi wa Mombasa, Pangani na Unguja waliolala chini ya milima hii na mizigo ya ratili 60 na zaidi, majina yao hayakuandikwa, na wengi walizikwa njiani bila ya jiwe.

Wakati wa adhuhuri ulipoingia nilitafuta pahali palipojikinga na upepo, nikatandaza koti langu. Nilipotoa salamu na kugeuka, niliwakuta vijana wamekaa duara. Mpwa wangu alikuwa ameshika kikombe, na mvuke ulikuwa ukitoka kikombeni. Ilikuwa ni kahawa yangu ya tangawizi, na wenzake wawili walikuwa wakingoja zamu. Tende zilikuwa zimekwisha.

Ile chupa bapa sikuiona. Huenda ilibaki mkobani. Huenda ilitoka nilipokuwa nimesujudu, ikarudi kabla ya salamu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Sikuuliza, wala yeye hakuniambia. Tuliposhuka Kona Baridi, jua linainama, alinichukulia mkoba wangu pamoja na wake, akaniambia kwamba mwezi ujao wanakusudia kwenda Nyahururu kuyaona yale maporomoko, na kwamba ikiwa nitakuweko Nairobi, basi nije na kahawa nyingi zaidi.